Wimbo Uliomsubiri Mama Zuhura

Mwanangu, niliwahi kuona fidla moja ikimrudisha mwanamke kitini, ukumbi mzima umenyamaza. Kwa kuwa wenzako wamekuchagua uiongoze orkestra yetu ya taarabu, kaa nikusimulie ilivyokuwa.

Nilikuwa msichana, napiga fidla ya nyuma. Mazoezi tulifanyia hapa hapa mtaani Gerezani, juu ya duka la vipuri. Fundi wa chini akianza kukata chuma, tunapumzika. Kiongozi wetu wa kwanza, Mzee Shomari, hakuwa na fimbo ya kuongozea wala karatasi za noti. Alikaa katikati yetu na fidla yake. Akiinua nyusi tunaingia, akishusha kidevu tunamaliza. Vidole vilipoanza kukakamaa alimwachia uongozi Jayanti, kijana wa Kisutu aliyesomea muziki, yeye akabaki akipiga pamoja nasi.

Jayanti alituandikia kila kitu. Alisimama mbele, ukumbi akaupa mgongo kama alivyofundishwa, na kusema kweli hatukuwahi kupiga safi vile.

Harusi ya kwanza aliyotuongoza ilikuwa Kariakoo. Mama Zuhura, mamake bibi harusi, alichelewa kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji, maana goti lilimsumbua. Desturi unaijua: mtu anatoka kitini akicheza, anatoa zawadi yake, anarudi akicheza, na muziki unambeba kwenda na kurudi. Ndiyo kwanza amegeuka kurudi, Jayanti akafunga mkono, muziki ukakatika. Karatasi imeisha. Mama akabaki katikati ya ukumbi, mbele ya wakwe, hana wimbo wa kumrudisha. Upande wa wakwe mmoja akacheka, akasema, "Haya shoga, tembea basi, muziki umeshakuchoka."

Mzee Shomari akainua fidla, akakianza tena kiitikio peke yake, polepole, kwa mwendo wa goti lile. Mama akacheza mpaka kitini. Ndipo mzee akamgeukia kijana, sauti ya chini.

"Karatasi yako imekwisha, Jayanti. Wimbo bado. Mama wa watu yuko njiani."

Shughuli iliyofuata Jayanti aliigeuza stendi ya karatasi zake ubavu, ili atuone sisi na auone ukumbi, na akasimama hivyo miaka yote. Bi Rukia aliyempokea uongozi naye alisimama ubavu, ingawa hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Wewe umekuja na kinanda kinachojipigia mdundo na kujimalizia. Sikukatazi, kinalia vizuri. Ila mtazame anayeinuka, na wimbo usiufunge mpaka akae. Hata nje ya muziki, ukipewa watu wa kuwaongoza, wa kumwangalia zaidi ni yule mwenye goti bovu. Mungu akupe masikio makali, akupe na macho ya kumwona aliyechelewa.

Jumamosi tuna harusi Jangwani. Jana nilipita mazoezini, nikaikuta stendi ya Jayanti imekunjwa pembeni. Sijajua utaiweka upande gani.