Vitabu Saba vya Sensei

Saa mbili na nusu asubuhi. Wembe mkononi, vitabu saba mezani, mwalimu wa lugha ya Kijapani anakata uzi wa kitabu cha kwanza kama anayekata kitovu.

Saa nne kamili kamati ya chuo inakaa kuamua kama darasa lake lifungwe. Wanafunzi wamebaki tisa. Chuo kinataka kumi na tano. Ushahidi wake ni nakala hizi saba, sita za kamati na moja yake: hadithi ya picha ya Kijapani, kurasa themanini, ambayo hao tisa wameifasiri kwa Kiswahili kwa miezi saba.

Hadithi hizo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kitabu hushonwa upande wa kulia. Fundi wa kudurufu amevishona vyote kushoto.

"Sensei, nilidhani umechanganya," fundi anajitetea kwenye kaunta yake. Sensei ni mwalimu kwa Kijapani. Wanafunzi walianza kumwita hivyo, mtaa ukadaka. "Nikasema nikustiri."

"Umenistiri kweli! Tazama. Mume na mke wanaagana, huyu ukurasa huu, yule ule. Walikuwa wanatazamana. Sasa wamepeana migongo!"

"Si ndiyo ndoa za siku hizi?"

Sensei hacheki. "Lete sindano, kaka. Utani tutafanya nikibaki na kazi."

Alianza kujifunza Kijapani akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kamusi kuukuu isiyo na jalada. Leo ana arobaini na moja. Hulipwa kwa kipindi, vipindi ishirini kwa wiki. Likizo ikija, mshahara nao huenda likizo. Utafiti wake, kuhusu namna wachoraji wanavyochora ukimya, huufanyia kwenye meza ya chakula.

"Mama huniuliza, 'Mwanangu, hivyo vikatuni vitakuzika?' Namwambia, mama, mbona vimenilea!" anamwambia fundi huku akishona.

Saa nne kasoro dakika kumi. Vitatu vimeshonwa upya. Kwenye cha nne wembe unateleza, unapasua uso wa mke. Sensei anafumba macho, anakiweka chini, anabeba vitatu na kutoka mbio. Kamati ina watu sita.

Kwenye chumba cha kikao, mwenyekiti anafungua kitabu kama alivyozoea tangu utotoni. Anakunja uso.

"Mwalimu, ndiyo fasihi hii? Mimi naona kaburi tu."

"Mheshimiwa, umeingilia mlango wa uani. Geuza."

Mtu anakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti anageuza. Wanasoma wawili wawili, vichwa vimekaribiana. Dakika tano. Kumi. Sensei amesimama, hajui aweke wapi mikono.

Mwenyekiti ananyanyua ukurasa. Mhasibu, mwenzake wa kitabu, anaushika.

"Ngoja, mzee. Sijamaliza."

Saa tano na robo uamuzi unasomwa: muhula mmoja. Akipata kumi na tano, darasa linabaki. Asipopata, mlango unafungwa na asirudi kuugonga.

Nje, ukumbini, vidole vya Sensei vina mikato ya wembe. Kuanzia Jumamosi atakaa kwenye ngazi za maktaba na vitabu vile vitatu, kila mpita njia akaribishwe.

"Na sitampa mtu kitabu peke yake. Wawili wawili, kama kamati. Nataka sita tu. Waje wagombanie ukurasa. Wakigombana, nimewapata."