Kahawa ya Bibi Kemilembe

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, kwetu Kaisho, nilipomfanya mwanamke asiye na kosa kuwa mchawi. Nilifanya hivyo kwa maneno mawili tu, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kusali.

Nalisimulia hili kwa sababu vijana ninaowafundisha kwaya huniuliza mara kwa mara kama Mkristo anaruhusiwa kutazama sinema za wachawi na mizimu. Siku hizi sinema hizo ziko kwenye simu. Wanatazama wakichunga ng'ombe, wanatazama wakimenya ndizi. Wanangoja niseme ndiyo au hapana. Mimi huanza na habari ya Bibi Kemilembe.

Wakati ule hapakuwa na simu za namna hiyo. Palikuwa na kibanda cha video nyuma ya mashine ya kusaga, kuta za udongo, madirisha yamezibwa kwa maturubai, jenereta inanguruma nje. Mama alikuwa ametukataza kukisogelea. Jumamosi moja nikamwambia naenda mazoezi ya kwaya, nikaondoka na Adela, binti wa baba mdogo, ambaye alikuwa na umri kama wangu na ujasiri mara mbili ya wangu. Tukakaa kwenye benchi la mbele, magoti yamegusa ukuta.

Sinema ilimhusu shangazi mmoja, mjane, anayekaribisha wageni kwake. Anawapakulia chakula kizuri, nao wanakula, yeye hali. Anakaa pembeni anawatazama. Lugha yao hatukuijua, lakini kulikuwa na mtu anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti zao, sauti nzito ya kukwaruza, naye akasema, "Mnamwona? Haonji. Mchawi haonji." Adela alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Mwishoni akaja mchungaji, akapiga kelele kwa jina la Yesu, moto ukashuka, shangazi akaanguka. Kibanda kizima kikapiga makofi. Nami nikapiga. Nilitoka nimeridhika kabisa, nikidhani nimetoka ibadani.

Jumatano iliyofuata, ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa zamu ya Bibi Kemilembe. Nyumba yake ilikuwa chini ya shamba letu, imezungukwa na migomba na mibuni aliyoipanda na marehemu mume wake. Hakuna aliyetengeneza kahawa za kutafuna kama yeye. Alizichuma kabla hazijaiva sana, akazichemsha na majani yenye harufu nzuri, akazianika mpaka zikawa nyeusi, kavu, zinalia katika kikapu ukikitikisa.

Kwetu kahawa hizi ndizo hodi na karibu. Mgeni akiketi, mwenyeji huleta kikapu kidogo, huchukua punje ya kwanza na kuitafuna mbele ya watu wote, ndipo kikapu kizunguke. Maana yake inajulikana bila kusemwa: ninachokupa, nami nakila. Na wazee walituonya tangu tunajifunza kutembea kwamba ukipewa kahawa na mtu ambaye hajatafuna, kuna neno.

Siku ile, baada ya sala, Bibi Kemilembe alileta kikapu huku amejifunga kanga kichwani, pindo limeshuka mpaka shavuni. Hakutafuna. Alimkabidhi mgeni wa kwanza, kikapu kikaanza kuzunguka. Watu wazima walikuwa katika mazungumzo, hakuna aliyejali. Adela alichukua punje mbili. Kikafika kwangu.

"Chukua, mjukuu wangu," akasema Bibi.

Nikarudisha mikono nyuma. "Bibi, wewe hujatafuna." Na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza kunitazama, nikaongeza, kwa sauti nzito ya kukwaruza niliyoiazima kibandani, "Mchawi haonji."

Wanawake wawili walicheka. Kisha kicheko kikakatika. Mama alinifinya paja. Jirani mmoja akatema taratibu alichokuwa anatafuna, akakifunga katika pindo la kanga yake, kwa adabu, kana kwamba anahifadhi kitu. Bibi Kemilembe alikifunika kikapu akakirudisha ndani. Ninaona aibu kukiri kwamba nilitembea kurudi nyumbani nikijiona shujaa.

Siku tatu baadaye Adela aliugua. Ilikuwa malaria, zahanati walimpima, wakampa dawa, na haikupita wiki akawa anaruka kamba. Lakini neno langu lilikuwa limekwisha kupita kila uwanja. Baba mdogo alisema hadharani kwamba binti yake alikula kahawa isiyoonjwa. Wanawake wakabadilisha njia ya kwenda mtoni. Na ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, ambayo kwetu huchumwa kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Zamu ya Bibi Kemilembe ilipofika, hakwenda mtu. Kahawa zake ziliiva zikawa nyekundu, zikapita wekundu, zikawa nyeusi, zikaanza kudondoka. Vijana kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakawa wanasema mtu kama huyo arudi kwa kaka zake Bweranyange kabla hajasindikizwa.

Niliyasikia yote. Nilijua neno lile nimelitoa wapi. Lakini kulisema kulikuwa na maana ya kumwambia Mama kwamba siku ile sikwenda kwaya, na fimbo ya Mama niliijua vizuri kuliko nilivyojua uchawi. Nikanyamaza. Wiki tatu.

Kanisani kwetu sadaka za mazao hupigwa mnada nje baada ya ibada. Mpiga mnada alikuwa Mzee Rwegoshora, mzee wa kanisa ambaye angeweza kuuza hata kivuli chake. Jumapili hiyo aliuza kuku, akauza maharage, akafika kwenye mkungu wa ndizi uliokuwa mkubwa kuliko yote.

"Tazameni vidole hivi," akasema akiupigapiga. "Bwana harusi akipelekewa huu, anasahau bibi harusi. Nani anaanza?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Au leo mmefunga kula? Jamani, ndizi hizi zimebatizwa, haziumi."

Hakucheka mtu. Kila mmoja aliujua mkungu ule, kwa kuwa alikuwa mtu mmoja tu aliyefunga mikungu yake ya sadaka kwa kamba ya mgomba iliyosukwa. Mzee Rwegoshora naye akaelewa, akauweka mkungu chini. Ndipo Bibi Kemilembe akatoka ukutani alikokuwa amesimama peke yake, akasogea.

"Basi, waitu," akamwambia taratibu, kwa neno letu la heshima. "Nirudishie tu. Nitaupeleka nyumbani."

Sikuwahi kuona sadaka ikirudi nyumbani. Aliinama kuuinua, mkungu ukamshinda, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Sijui miguu yangu iliamuaje. Nilijikuta mbele ya watu, nimeushika mkungu upande wa pili, na ninamtazama Mama.

"Mama, siku ile sikwenda kwaya. Nilikwenda kwenye video. Maneno yale niliyasikia huko."

"Maneno gani?" akauliza Mzee Rwegoshora.

"Mchawi haonji. Ni ya yule anayetafsiri. Bibi hakunifanya kitu."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Bibi Kemilembe akafungua kinywa, akavuta shavu kwa kidole, akawaonyesha watu wote pengo jipya huko nyuma.

"Jino waliling'oa zahanati Jumanne ile, kesho yake ndiyo ibada," akasema. "Shavu lilikuwa limevimba, ningetafunaje?"

Baadhi walicheka, kicheko cha watu waliotua mzigo. Wengine walitazama chini. Mama alinunua mkungu ule. Hakungoja mtu wa kushindana naye. Nyumbani nilichapwa, na kesho yake, nilipotoka shule, nilikabidhiwa kikapu na kuamriwa niende kuchuma kahawa za Bibi Kemilembe mpaka ziishe. Mama alikuja nami. Siku ya tatu akaja Adela. Siku ya tano baba mdogo alisimama mpakani mwa shamba kwa muda, kisha akaingia, akashika tawi lililokuwa juu tusilolifikia. Majirani wengine hawakuja kamwe. Nusu ya mavuno ilikuwa imekwisha kuozea chini.

Bibi hakufukuzwa. Aliishi pale miaka mingine kumi na moja na alizikwa na kanisa, kwa nyimbo zote. Hakunikumbusha kosa langu hata mara moja. Lakini tangu Jumapili ile hakusahau kuonja kwanza. Hata alipobaki bila jino hata moja, aliiweka punje mdomoni, akaimumunya, akawatazama wageni wakimtazama. Kwa wenyeji wengine wote ile ilikuwa heshima. Kwake yeye ilikuwa kujitetea, kila siku, nyumbani mwake mwenyewe. Mimi ndiye niliyempa hukumu ile, nami sikuwa na uwezo wa kuifuta.

Nimesoma, nimekuwa mtu mzima, nimefikiri sana kuhusu sinema ile, na leo nasema bila kusita. Naamini shetani yupo. Naamini jina la Yesu lina nguvu. Lakini sinema ile haikunifundisha kumwogopa shetani. Ilinifundisha kumwogopa mjane anayeishi peke yake. Ilimpa uovu uso, na uso ule ulikuwa wa mtu dhaifu kuliko wote kijijini. Jina la Yesu lilikuwa limenyunyizwa mwishoni tu, kama chumvi juu ya chungu kilichokwisha kuungua. Nami niliipigia makofi sinema hiyo nikisahau kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwahi kushutumiwa kwamba nguvu zake ni za mkuu wa pepo. Alisimama upande wa washutumiwa. Anayemfuata hawezi kuwa mwepesi wa kunyoosha kidole.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza, siwapi orodha ya sinema. Nyingine ni hadithi nzuri, nazipenda mwenyewe. Nawaambia wafanye ninavyofanya mimi. Nikimaliza kutazama, najiuliza: sasa kuna mlango wa nani hapa jirani ambao nitaupita haraka bila kupiga hodi? Mara nyingi haupo, nami nalala vizuri. Lakini ukiwepo, asubuhi naamkia huko huko. Nasema shikamoo, naketi, na nikipewa kitu, nakula.