Meno ya Baba Kwenye Picha

Kabla ya harusi yangu, shangazi aliniandikia maswali ya kumuuliza mpiga picha. Ana kamera ngapi? Moja ikiharibika je? Picha zitatoka baada ya wiki ngapi? Shangazi ni karani mstaafu, na anaamini kila balaa duniani huanza na swali ambalo mtu hakuuliza. Nilibeba karatasi hiyo hadi Kayole, kwenye studio ndogo juu ya duka la viatu, nikajifanya mjuzi.

Mpiga picha alijibu yote bila kuchoka. Kisha akaniuliza lake moja tu.

"Sista, ni picha gani ukiikosa utalia?"

Sikuhitaji kufikiri. Ya baba akicheka. Baba yangu, fundi wa reli mstaafu, akicheka nyumbani kwetu mtaa wa Tena, majirani wa ghorofa ya juu huteremka kuuliza kuna nini. Lakini mwonyeshe kamera, anakauka kama mtu anayepimwa suti. Hata kwenye picha ya harusi yake mwenyewe amefunga mdomo. Mama, tuliyemzika nikiwa bado chuoni, alizoea kusema kwamba alimkubali kwa sababu ya kicheko hicho, na nyumba nzima haikuwa na ushahidi wowote. Watoto wangu wangekuja kumwona babu yao ukutani wakadhani alikuwa mkali. Wazo hilo liliniuma kweli.

"Na huwa anacheka lini?"

"Watu wakibishana. Hasa wanawake wa kwetu."

Akaandika kitu kwenye simu yake. Mkataba wetu ulisema kazi inaanzia kanisani saa nne, maana niliona kupiga watu picha wakichanwa nywele ni maringo matupu. Sikujua nilichokuwa nakikata.

Siku yenyewe, asubuhi, watu wa bwana harusi walikuja kunichukua, na wanawake wetu wakafunga geti kama ilivyo desturi. Wa nje huimba, wa ndani hukataa, mpaka wa ndani waridhike, na wanawake wa kwetu hawaridhiki upesi. Mimi nilikuwa dirishani, jicho moja limepakwa wanja, lingine bado. Nikamwona mpiga picha wangu amebanwa katikati ya wageni, kamera shingoni. Alikuwa amekuja saa mbili mapema, bila kuambiwa na mtu.

"Mathe, nifungulie. Mimi ni wa bibi harusi," alisema kupitia kidirisha cha geti.

"Wote husema hivyo," shangazi akamjibu. "Imba kwanza."

"Mimi ni wa kamera tu, mathe."

"Basi kamera iimbe."

Akaimba. Ulikuwa wimbo wa watoto wa shule ya Jumapili, na sauti yake ilipanda kila mahali ilipopaswa kushuka. Wageni wenyewe wakanyamaza kwa huruma. Shangazi akamwamuru arudie ubeti wa pili, eti hakusikia toba ndani yake. Baba alikuwa amesimama nyuma ya shangazi na suti yake ya kijivu, akijikaza. Ubeti wa pili ulipoanza, alishindwa. Akashika magoti, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mpiga picha hakuacha kuimba hata kidogo, ila kamera ilikuwa imeshapenya kwenye kidirisha.

Aliahidi picha baada ya wiki nne, zikatoka baada ya saba. Shangazi alikasirika kwa niaba ya karatasi yake. Mimi nilimsamehe nilipofungua bahasha, nikaketi sakafuni nikilia na kucheka.

Nilimpelekea baba ile ya getini. Pembeni kuna ukingo mweusi wa chuma, mkono wa shangazi umeingia, na katikati ni baba, meno yote nje, hata pengo lake. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Huyu ndiye aliyekubaliwa na mama yako," alisema.

Kisha akatazama ukutani, akauliza nyundo iko wapi.