Tilapia Niliyemtupia Tai

Kabla ya kurudi Naivasha na kununua boti zangu mbili kwa jasho langu mwenyewe, niliishi Minneapolis, Marekani, miaka tisa, nikihudumia wazee katika makao yao kwenye kitongoji cha Plymouth. Nasema bila aibu: katika kikundi chetu cha kutazama ndege, kilichokutana kila Jumamosi asubuhi kando ya mfereji wa kale wa vinu vya unga, ni mimi peke yangu niliyekuwa na diploma ya kuongoza watalii. Wengine walikuwa na darubini za bei kali tu.

Kiongozi wetu alikuwa mama mzee wa Kizungu aliyeandika kila ndege kwenye daftari. Jumamosi moja, baridi ikielekea kuisha, nilikwenda na nesi mwenzangu, Mkenya kama mimi, ili aone mtu anayejua kazi. Juu ya mti ng'ambo ya mfereji alikuwa ametua tai mwenye kichwa cheupe. Nusu saa nzima hakutikisika.

"Sasa mtaalamu, huyo amekufa ama anangoja mshahara?" mwenzangu akauliza.

"Ngoja uone vile tunafanya kwetu."

Ziwani Naivasha, mwongoza boti humtia samaki kipande cha funjo, mmea mwepesi wa ziwani, tumboni ili aelee, hupiga mluzi, kisha humtupa majini. Tai hushuka mbele ya kamera za wageni. Mkobani nilikuwa na tilapia watatu niliowanunua dukani mtaa wa Phillips, wote nimewatia mabua ya matete. Nikapiga mluzi. Nikamtupa mmoja.

Tai alishuka. Nakiri nilifurahi, hata nikageuka kutazama nyuso za wenzangu. Nilichosahau ni kwamba ziwa ni pana. Mfereji ule umebanwa na kuta mbili za mawe. Tai alimkamata samaki, akataka kupaa, bawa likagonga ukuta. Akaanguka majini.

"Hapana," mama mzee akasema, kwa sauti ndogo sana.

Maji yalikuwa yanamvuta kuelekea chini ya tao la mawe, penye vyuma vya kuzuia takataka. Akinasa pale, amezama. Nikavua koti, nikapanda ukingo. Mwenzangu akanidaka mkanda.

"We! Mama yako nitamwambia nini? Kwamba ulikufa ukifukuza kuku wa Wazungu?"

"Niachilie."

"Sikuachilii hata kidogo."

"Usishuke," mama mzee akaniamuru. "Akikuogopa atakimbilia katikati ya mkondo. Rudini nyuma, wote."

Tukarudi nyuma hadi tusiweze kumwona. Tulisikia tu mabawa yakipiga maji, pa, pa, kama mtu anayepiga makasia kwa mikono iliyochoka. Kisha kimya. Hakuna aliyethubutu kusogea kuchungulia.

Kucha zikakwaruza jiwe.

Alipanda juu ya kifusi cha ukuta ulioanguka, amelowa, mdogo kuliko nilivyomdhania. Alikaa pale zaidi ya saa moja akikausha mabawa, nasi tukasimama tukitetemeka, mpaka aliporuka.

Mama mzee alininyooshea mkono. "Umebakiwa na wangapi?"

"Wawili."

Akawachukua, akawatia kwenye mfuko wake.

"Jumamosi ijayo uje," akasema. "Mikono mitupu."

"Ndiyo, mama."