Mpishi Niliyemficha Nyuma ya Pazia

Mimi skuli niliishia darasa la sita, tena hilo la sita lenyewe nililisukuma. Leo nina migahawa mitatu hapa London, na mhasibu mwenye shahada yake ukutani ndiye anayenisubiri mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu, maana nimeitolea jasho. Watu wakiniuliza nilianzaje, huwahadithia meza ya kukunja na jiko la gesi katika soko la Jumamosi kule Hounslow, nikiuza vitafunio vya Kichina vya halali. Wanacheka, wananipiga mgongoni. Aliyevipika simtaji.

Tulikutana miaka ya tisini katika jiko kubwa linalopikia abiria wa ndege, karibu na uwanja wa Heathrow. Mimi naosha trei, yeye anaosha masufuria. Siku moja adhuhuri naingia stoo kuswali, namkuta Mchina yuko kwenye sijida. Nilisimama kama nimeona jini. Alipotoa salamu nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, "Umesilimu lini wewe?"

Akanitazama. "Na wewe umesilimu lini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwao, kaskazini-magharibi ya Uchina, ukoo wake ni Waislamu tangu mababu wa mababu, na babu yake alikuwa imamu. Kurani akiisoma kwa tajwidi iliyonitia haya. Alinizidi miaka kumi hivi, lakini akiniita "ndugu", neno la kwanza la Kiswahili nililomfundisha.

Chakula chake cha mchana alikuja nacho kwenye mfuko wa karatasi: mkate mnene upana wa kiganja, umechomwa juu ya chuma, umepasuliwa na kujazwa nyama ya kondoo iliyochemshwa mpaka ikalainika, na pilipili mbichi. Siku nyingine huleta vile nilivyovipa jina la sambusa za maji, vijifuko vya unga mwembamba vyenye nyama na vitunguu vya majani, vimepikwa kwa mvuke, unavichovya kwenye siki. Mishkaki yake aliipaka bizari nyembamba na pilipili ya kusaga; moshi wake ukitembea, watu wanageuza shingo. Mimi sikusoma, lakini pua yangu imesoma. Nikamwambia, bwana wee, hii ni biashara. Waislamu wa London wanapita mbele ya maduka ya Kichina wanameza mate, wanaogopa nguruwe. Sisi tutawalisha.

Akakubali, akataka kitu kimoja tu. Msikitini watu walikuwa wakimtazama kama mtu aliyeingia kwa makosa, na hakuna aliyewahi kumkaribisha nyumbani hata kwa kikombe cha chai. "Ndugu, watu wako wanijue," alisema. "Waambie mimi Mwislamu, na chakula hiki ni changu." Nikampa mkono.

Jumamosi ya kwanza wateja waliona neno halali kwenye bango, kisha wakauona uso wake, wakaondoka. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya kuswalia. Walidhani ni ya upishi. Mmoja akasema bila hata kunong'ona, "Mchina na halali, wapi na wapi?" Jumamosi ya pili nikatundika pazia nyuma ya meza. Yeye ndani na majiko, mimi mbele na kanzu. Tukamaliza unga saa saba mchana.

"Pazia la nini?" akaniuliza.

"Upepo, ndugu. Wakishazoea tutalitoa."

Walizoea mwezi wa kwanza. Pazia lilikaa miaka miwili. Nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuambiwa nina mikono ya baraka, na utamu huo hauna kinaa.

Sikukuu moja ya Iddi, Wazanzibari tulikodi ukumbi hapo hapo Hounslow. Walikuja watu kila pembe ya London, na basi zima la kina mama kutoka Thamesmead. Meza yetu na pazia lake tuliviweka uani. Nilimwambia mwenzangu, leo nitakutambulisha. Alikuja na shati jeupe limepigwa pasi, akakataa kulivalia aproni mpaka moto ulipowashwa.

Bibi mmoja anayeheshimiwa na wote akaja mezani, akatafuna mkate wangu, akafumba macho.

"Mikono yako hii, mwanangu?"

"Yangu, Bi Mkubwa."

Wakati huo huo mwenzangu akatoka nyuma ya pazia na sinia ya mishkaki, anatabasamu, amejitayarisha. Bibi akarudi nyuma hatua.

"Na huyu Mchina je? Anakupikia?"

"Aa, huyo anaosha vyombo tu."

"Mwislamu?"

Nilikuwa bado nina nafasi. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

"Basi asiiguse nyama, shoga zangu tusije tukala balaa!" Kina mama wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Miaka miwili alikuwa akitusikiliza kutoka nyuma ya pazia. Kiswahili alikuwa amekijua. Aliweka sinia chini, akaingia ndani, akaanza kuosha vyombo. Akaosha sufuria, masinia, hata visu ambavyo havijatumika, akavipanga vyote. Kisha akavua aproni.

"Vyombo tayari, bosi," akasema. Hakuwahi kuniita bosi.

Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilimwona amesimama pale muda mrefu. Foleni yangu ilikuwa ndefu pia. Nikaihudumia foleni.

Jumatatu kazini nikaambiwa ameacha. Alikopanga chumba hakuna aliyejua alikoenda.

Maalim mmoja aliniambia, haki ya Mungu unatubu mwenyewe usiku na mchana, haki ya mja lazima akusamehe mja mwenyewe. Basi mwaka niliokwenda Hija, wenzangu wakitazama Kaaba, mimi natazama Wachina. Pale Mina nikamwona mzee mmoja, mabega yale yale. Hakuwa yeye. Lakini nilishamshika mkono, maneno yakanitoka kwa Kiswahili, pazia, bibi, foleni, yote, na machozi juu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika kiwiko taratibu, akaniongoza kwa askari wanaoelekeza mahujaji waliopotea. Askari akaniuliza nambari ya kambi yangu, nikamtajia. Yule mzee akasimama pale juani, hakuondoka mpaka alipoona nimepata wa kunipeleka.