Pepo Aliyemtaka Mwanahawa

Nilipokuwa mtoto tuliishi Najma, hapa Doha, katika vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Baba alikuwa dereva wa hoteli, mtu wa Tanga. Nilipofika miaka minane alimwacha mama, mama akarudi nyumbani Tanga, na jina lake, Mwanahawa, halikutajwa tena kwetu. Baadaye baba akamwoa Zuhura, mwanamke mpole wa Unguja. Nikaambiwa nimwite mama mdogo. Nilimwita, ila kwa sauti ya chini.

Ndipo nikaanza kuugua. Kila ikikaribia magharibi tumbo lilikaza na miguu ikalegea, nisiweze kusimama. Hospitali walipima wasione kitu. Shangazi alikuwa amenikataza mara nyingi kukaa kizingitini jua likizama, kwa kuwa ndio wakati wanapopita wenyewe. Sasa akasema nimeshaingiwa na pepo. Akamleta Bi Rehema, mpishi wa nyumba moja ya Umm Salal, aliyerithi kwa mamake namna ya kusema na mashetani.

Alikuja Ijumaa baada ya swala. Majirani wanawake wakajaa sebuleni. Nilifunikwa shuka jeupe, ubani ukafukizwa mpaka nikalowa jasho. Nilidhani atanikemea. Badala yake aliuliza kwa adabu, kama anayempokea mgeni:

"Wewe ni nani, na umekuja kutaka nini?"

Kisha akangoja. Sikuwahi kungojwa namna ile. Ikanitoka sauti nzito nisiyoijua: "Namtaka Mwanahawa. Huyu anayelala kitandani pake aondoke."

Shuka lilipoondolewa nilimwona Zuhura amesimama na sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole, akaingia jikoni. Majirani hawakujua watazame wapi. Baba alikuwa nje ya mlango na alisikia yote.

Jioni ile alimpigia mama simu, akanipa niongee naye. Tangu hapo maumivu yakapungua, yakaisha. Aibu ndiyo iliyobaki. Watoto wa jengo wakaniita mwenye pepo, na hilo ningelivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni shaka yangu mwenyewe, kwamba chini ya shuka lile hakukuwa na mwingine ila mimi.

Mwaka jana, baada ya kujifungua, usingizi ulinikimbia kabisa. Nikapelekwa kwa mtaalamu anayetibu watu kwa mazungumzo, mama wa Kiyahudi kutoka Ajentina. Wiki nyingi zilipita kabla sijamsimulia habari hii, nikiwa nimeinama. Hakucheka. Alinieleza kwamba bibi yake naye alisimulia habari za dibuki, roho ya marehemu isiyotulia inayoingia mwilini mwa mtu aliye hai. Wazee wao waliosoma elimu ya siri ya dini yao hawakuanza kwa kuifukuza. Waliiuliza jina lake, na ni jambo gani liliharibika ambalo bado linangoja kutengenezwa.

Nikamuuliza kama kazi yake imetoka huko. Akasema wasomi wanabishana, naye hana hakika. Anachojua ni kwamba hukaa kitini pake na kuuliza karibu maswali yale yale.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Al Rayyan, anakoishi Zuhura sasa. Nilimkuta jikoni.

"Mama," nikamwambia, "siku ile ya Bi Rehema, nadhani aliyesema ni mimi."

Aliendelea kumenya vitunguu. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Pepo gani angejali kitanda ni cha nani?"

Kumbe alijua. Kila asubuhi aliponisuka nywele niende shule, alipokaa nami hospitali, aliponisimamia harusi yangu, alikuwa anajua. Nilikuwa nimedhani nikisema aibu itaniondoka. Haikuondoka, pale jikoni ndipo kwanza nilipouona ukubwa wake. Nilishindwa kumtazama. Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu yake, naye akanisogezea vitunguu.