Kiti Kilichoegemea Kushoto

Mume wangu alipofariki, kiti chake kilibaki pale karibu na redio, na mwaka mzima hakuna aliyekikalia. Watoto wako Dar na Mwanza. Nyumba ya Kibosho nikabaki nayo mimi na ng'ombe mmoja. Siku jumuiya ilipokuja kusali kwangu, mama mmoja mgeni akakikalia bila kujua. Aliponyanyuka, springi iliyotokeza ikamchania gauni. Wenzake walicheka. Mimi nilishikwa na aibu, kana kwamba nimemwacha mume wangu aonekane mchafu mbele za watu.

Jumatatu jirani anayeshusha ndizi mjini akanipakilia kiti juu ya mikungu hadi Majengo, kwa fundi makochi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akakigeuza, akaanza kung'oa misumari. Kilitoka kitambaa, ikafuata sponji iliyokwisha kuwa unga, kisha magunia. Vumbi lile lilinuka tumbaku ya mume wangu. Nikajifanya napiga chafya.

Fundi akapapasa mbao. "Mama, mwenyewe alikuwa anaegemea kushoto?"

"Umejuaje?"

"Mkono wa kushoto umelegea, na springi za huku zimelala zote. Za kulia bado nzima."

Nikamweleza kwamba sikio lake la kulia lilikufa zamani. Mimi nilikuwa nakaa kushoto kwake, karibu na mlango wa jikoni, naye akiinama ili anisikie. Miaka thelathini na kitu. Sikuwahi kumsimulia mtu jambo hilo. Kusema kweli, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijaliwaza.

Fundi akaushika tena ule mkono uliolegea. "Nikikinyoosha, alama yake itapotea. Ninyooshe?"

Nilitaka kumwambia aache.

"Nyoosha," nikasema. "Kiti ni cha kukalia."

Wiki iliyofuata kilirudi na kitambaa cha kijani, kimesimama sawasawa. Mchana mmoja wa mvua nikakikalia. Sponji mpya ilininyanyua hadi miguu haikufika vizuri sakafuni. Nikajikuta nasema kwa sauti kwamba maziwa ya asubuhi yamekatika. Kisha nikasikiliza mvua kwenye bati.

Jioni binti yangu akapiga simu. "Kimependeza, mama?"

"Kimependeza sana."

"Basi tutakiona Krismasi."

Nikamwambia nitakifunika shuka kisishike vumbi. Ilikuwa Juni.